Nani Aliamua Mwanya wa Vyuma vya Balkoni Yako?

Mwaka jana niliacha mlango kwa balkoni ya watu. Si mlango wa kuingilia. Mlango wa mtoto kuangukia.

Wacha nianze mwanzo. Kama umekuwa ukinifuata, unajua niliacha chuo mwaka wa pili. Nilikuwa nasomea usanifu majengo, karo ikagoma, nikarudi nyumbani na laptopu ya mkono wa pili. Kilichonishikilia ni kuchora majengo kwa kompyuta. Kontrakta mdogo anakuja na ramani yake, mimi namtengenezea modeli ya jengo zima: kuta, ngazi, madirisha, mpaka paa. Anaonyesha mteja picha, mteja anafurahi, mimi nalipwa, kodi inaisha. Hasla kama hasla zingine.

Basi nikapewa gorofa ya ploti moja, orofa nne, kila orofa na balkoni. Sehemu ya mbele ya balkoni ilikuwa milimita 3,680, halafu kuna kona, halafu kipande kifupi cha milimita 300 kinachorudi hadi ukutani. Nikataka relingi iwe na mtindo: vijiti saba vyembamba, cha nane kikiwa tofauti, halafu inarudia. Ruwaza nzima ilikuwa milimita 920. Na hesabu ilikubali vizuri ajabu, maana 920 mara nne ni 3,680 kamili. Mbele ikajaa bila hata kijiti kimoja kuzidi. Nikapiga picha ya modeli kutoka upande wa barabara, nikatuma, nikalipwa, nikasahau.

Wiki chache baadaye kontrakta ananipigia, ati niende Kariobangi kwa fundi wa kuchomelea. Nikafika, mzee ameweka mchoro wangu juu ya benchi, ameuchafua na grisi. Hakunisalimia sana. Akaweka kidole pale kwa kona.

"Kijana, hapa umeacha mlango."

"Mlango wa nani, mzee?"

"Wa mtoto."

Nikaangalia. Kile kipande cha milimita 300 hakikuwa na kijiti hata kimoja. Mkono wa juu upo, sakafu ipo, katikati ni hewa. Orofa nne, kila orofa. Na mimi sikuwa nimeona, kwa sababu kamera yangu ilikuwa inaangalia mbele.

Nilirudi nyumbani nimenyamaza. Swali lililonisumbua ni hili: mbona programu ya bei ghali namna hiyo, yenye inajua uzito wa mlango na rangi ya tofali, ilikubali kuacha shimo bila kuniambia kitu? Ndio nikaanza kusoma historia ya hii kitu. Na stori ni refu kuliko nilivyodhani.

KOMAMANGA

Tuanze na jina. Kile kijiti cha relingi Wazungu wanakiita "baluster". Neno limetoka kwa Kiitaliano, na Waitaliano walilitoa kwa neno la Kigiriki la ua la komamanga. Ndiyo, komamanga lile lile linalouzwa Mombasa. Ukiangalia kitumba cha ua la komamanga kabla hakijafunguka, kimevimba chini, shingo nyembamba, juu kinafunguka. Sasa angalia vile vijiti vinene vya simiti kwa nyumba ya tajiri wa kijijini kwenu. Ni umbo lile lile. Wasanifu wa Italia, pale Florence na kwingineko, ndio walioanza kuvipanga kwa mstari kwenye ngazi na balkoni mwishoni mwa karne ya 15, na kutoka hapo vikaenea dunia nzima.

Cha muhimu kwetu si uzuri wake. Ni kwamba kila kijiti kilichongwa na mtu, na kupangwa na mtu. Fundi alisimama pale ngazi ilipo, akapima, akagawa. Kama urefu haukugawanyika sawa, yeye ndiye aliyejua, kwa sababu jiwe la mwisho lilikuwa mkononi mwake na nafasi iliyobaki ilikuwa mbele ya macho yake. Baki haikuweza kujificha.

Nishikie hilo neno, baki. Ile hesabu ya darasa la nne: 17 gawanya kwa 5 ni 3, baki 2. Hii stori yote ni ya hiyo 2.

KATALOGI YA GLASGOW

Karne ya 19 ikaja na chuma cha kumimina. Kule Glasgow, Scotland, kulikuwa na kiwanda cha Walter Macfarlane kilichoitwa Saracen Foundry. Hawa wasee walikuwa wanamimina kila kitu: relingi, veranda, vibanda vya bendi, chemchemi za maji ya kunywa. Na walichapisha katalogi nene zenye michoro, kila ruwaza ikiwa na namba yake. Unakaa zako India au Afrika Kusini, unafungua ukurasa, unachagua nguzo namba fulani na paneli namba fulani, unaagiza. Vipande vinakuja kwa meli, vinaunganishwa huku.

Pwani yetu pia iliishi enzi hiyo ya chuma kinachosafiri. Beit al-Ajaib ya Zanzibar, iliyojengwa mwaka 1883 wakati wa Sultani Barghash, veranda zake zilizunguka jengo juu ya nguzo ndefu za chuma cha kumimina. Waliokuwa wakiipiga picha kabla sehemu yake kuporomoka Desemba 2020 wanazikumbuka hizo nguzo.

Sasa fikiria katalogi ile kidogo. Ni kitu gani kimebadilika? Ruwaza inatengenezwa mahali pamoja na mtu ambaye hajawahi kuona nyumba yako. Paneli ina urefu wake. Veranda yako ina urefu wake. Zikikosa kulingana, tatizo ni la nani? Si la kiwanda. Ni la yule fundi wa mwisho aliyeshika msumeno. Kwa mara ya kwanza, mwenye kuchora ruwaza na mwenye kukutana na baki ni watu wawili tofauti, na bahari iko katikati.

Nilipofungua ile programu yangu na kuangalia orodha ya vijiti na nguzo za kuchagua, nilicheka. Zinaitwa "familia" siku hizi, lakini ni katalogi ya Glasgow imehamia kwa skrini.

KALAMU YA MWANGA

Ruka hadi mwaka 1963, Marekani. Kijana anaitwa Ivan Sutherland, yuko MIT anaandika tasnifu ya udaktari, chini ya Claude Shannon. Anatumia kompyuta inaitwa TX-2, mashine ya kujaza chumba. Anatengeneza programu inaitwa Sketchpad. Anagusa skrini kwa kalamu ya mwanga, mstari unatokea. Leo mtoto wa miaka mitatu anafanya hivyo kwa simu ya mamake. Wakati huo ilikuwa kama uchawi.

Lakini kuchora mistari haikuwa ndiyo maajabu yenyewe. Kulikuwa na mambo mawili mazito zaidi. La kwanza, ungeweza kuiambia Sketchpad sheria: mistari hii miwili iwe sambamba, hizi pande ziwe sawa. Mashine inarekebisha mchoro mpaka sheria itimie. La pili, ungeweza kuchora mchoro mama, halafu ukauweka mara nyingi. Ukibadilisha mama, watoto wote wanabadilika.

Manze, hiyo ni relingi! Kijiti kimoja mama, watoto mia, na sheria moja: kaeni umbali sawa. Wazo lote la kazi ninayofanya lilikuwa tayari hapo, miaka karibu 40 kabla mimi kuzaliwa. Sutherland alipewa Tuzo ya Turing mwaka 1988, na alistahili.

JENGO BADALA YA MCHORO

Mwaka 1975, msanifu na mwalimu wa Carnegie Mellon anayeitwa Charles Eastman, wengi wanamjua kama Chuck, akachapisha makala kwenye jarida la wasanifu wa Marekani. Hoja yake, nikiiweka kwa lugha yetu: mbona tunachora jengo moja mara kumi? Ramani ya juu, sura ya mbele, mkato wa upande, kila moja kwa karatasi yake. Ukisogeza dirisha, unafuta karatasi zote. Ukisahau moja, fundi anajenga makosa. Kwa nini tusiweke jengo lenyewe ndani ya kompyuta, mara moja, halafu michoro yote itoke humo yenyewe? Mfumo wake ukaitwa Building Description System.

Hilo ndilo wazo ambalo leo linaitwa BIM. Jina lenyewe lilikuja baadaye. Liliandikwa kwenye makala ya wataalamu mwaka 1992, na likawa maarufu kuanzia mwaka 2002 hivi.

Shida ya Eastman ilikuwa kompyuta. Mwaka 1975 hakuna ofisi ndogo ya usanifu ingeweza kununua mashine ya kubeba jengo zima. Kwa hivyo dunia ilichukua njia ya mkato. Mwaka 1982 kampuni mpya inayoitwa Autodesk ikatoa AutoCAD, programu ya kuchora iliyoweza kukaa kwa kompyuta ndogo za mezani. Na AutoCAD ilishinda, na bado iko kila ofisi ya Nairobi. Lakini angalia ilichofanya: ilirudisha karatasi ndani ya skrini. Mistari. Relingi kwa AutoCAD ya mistari ni vijistari vimepangwa. Havijui kuwa ni vyuma, na havijui kuwa kuna ngazi chini yao. Unachora kimoja, unaambia mashine irudie mara 32, imerudia. Kikibaki kipande mwisho, unakiona mwenyewe na unakichora mwenyewe.

Wakati huo huo, Budapest, Hungary, nyuma ya Pazia la Chuma, kulikuwa na kampuni ndogo iliyoanzishwa mwaka 1982 na Gábor Bojár, inaitwa Graphisoft. Moja ya kazi zao za mwanzo ilikuwa kutengeneza modeli ya mabomba ya kituo cha nyuklia cha Paks. Mabomba yakipishana vibaya kwa kituo cha nyuklia si mchezo, kwa hivyo walihitaji vitu vyenyewe, si mistari. Kufikia mwaka 1984 walikuwa na programu ya majengo kwa kompyuta ya Apple Lisa, ambayo ndiyo ilizaa ArchiCAD. Kumbuka hiyo kila mtu akikuambia ati teknolojia inatoka tu mahali pamoja.

REVIT, KITU KINACHOJIJUA

Sasa tunafika kwa programu iliyonidanganya. Mwishoni mwa miaka ya 1980, mwanahisabati aliyehama kutoka Muungano wa Sovieti, Samuel Geisberg, kupitia kampuni yake PTC kule Massachusetts, alileta programu ya wahandisi wa mashine inayoitwa Pro/ENGINEER. Ndani yake, vipimo vilikuwa vimefungana. Badilisha upana wa shimo, na boliti inajua.

Wawili waliopita kwa kampuni hiyo, Leonid Raiz na Irwin Jungreis, wakajiuliza: kama injini inaweza kujijua hivi, kwa nini nyumba isiweze? Mwaka 1997 wakaanzisha kampuni yao karibu na Boston, na tarehe 5 Aprili 2000 wakatoa Revit. Mwaka 2002 Autodesk, wale wale wa AutoCAD, wakainunua kwa dola milioni 133. Na serikali zikaanza kuamini hii njia. Uingereza ilitaka miradi ya serikali kuu itumie BIM kuanzia mwaka 2016.

Na ni kweli, Revit ni noma. Sogeza ukuta, sakafu inafuata. Inua orofa, ngazi inaongeza vidato. Ndoto ya Eastman imetimia kabisa. Halafu unafika kwa relingi.

Muulize mtu yeyote anayefanya hii kazi ni sehemu gani inamfanya atake kutupa laptopu dirishani. Atakuambia relingi. Na si kwamba watengenezaji ni wavivu. Toleo la 2013 lilibadilisha mengi, likafanya mkono wa juu uwe kitu cha kujitegemea. Shida ni ya asili. Ukuta ni ukuta tu. Relingi ni ruwaza inayotembea juu ya mstari, na mstari unapanda ngazi, unakata kona, unafika ukutani pale unapofika, bila kujali ruwaza yako ina urefu gani.

Kwa hivyo kwenye dirisha la nguzo na vijiti programu inakuuliza maswali. Kila kijiti kiko umbali gani kutoka kwa kile kilichotangulia? Ruwaza ikatike wapi: kila mwisho wa kipande, kwenye kona kali tu, au isikatike kabisa? Nguzo ya kona iwekwe lini? Halafu kuna swali la kukaa kwa ruwaza: ianze mwanzo, ianzie mwisho, ikae katikati, au ijinyooshe ijaze? Na chini yake kuna swali dogo ambalo hakuna mtu anasoma: urefu ukizidi, nijaze na nini? Nikate ruwaza na kuendelea, niweke kijiti ulichochagua, au nisiweke chochote?

Mimi nilikuwa nimeacha hilo swali la mwisho kwa jibu la "chochote". Ruwaza yangu ilikuwa 920. Kipande cha kona kilikuwa 300. Ruwaza haikuingia hata mara moja, kwa hivyo kipande chote kikawa baki, na baki niliambia mashine isiijaze. Ikatii. Haikuwa na hitilafu yoyote. Iliniuliza, mimi nikajibu bila kusoma.

Kwa hasira nikajaribu ile ya kujinyoosha kwa balkoni ya nyuma, yenye milimita 2,450. Ruwaza mbili ni 1,840. Ukizivuta zijaze 2,450, mwanya uliokuwa milimita 95 unakuwa 133. Kwa macho ilikaa poa sana, kila kitu kimelingana, hakuna shimo. Na bado ilikuwa hatari. Kwa nini 133 ni hatari na 95 si hatari? Hapo ndipo kuna historia nyingine, na hiyo haikuandikwa na watu wa kompyuta.

INCHI 9, INCHI 6, INCHI 4

Kanuni ya Uingereza kwa majengo ambayo watoto wadogo wanaweza kuwa ndani inasema hivi, kwa ufupi: mpira wa milimita 100 usiweze kupita popote kwenye relingi. Marekani ni inchi 4, karibu kitu kimoja, milimita 102.

Haikuwa hivyo tangu zamani. Marekani kuna kanuni zilizokubali mwanya wa inchi 9. Hiyo ni karibu milimita 230, mtoto wa miaka minne anapita akicheza. Ikashuka hadi 6. Kufikia miaka ya 1990 zikawa zimefika 4. Hakuna aliyeamka asubuhi akapenda namba 4 kwa sababu ni nzuri. Namba ilishuka kwa sababu inchi 6 bado ilikuwa inapitisha watoto wadogo.

Na kuna jambo linalotisha zaidi ya kuanguka. Mtoto hatangulizi kichwa kila mara. Anaweza kutanguliza miguu, akateleza, mwili ukapita, na kichwa kikakataa. Anabaki ananing'inia kwa shingo. Kwa hivyo mwanya mzuri ni ule unaozuia mwili wenyewe. Ndiyo maana wanapima kwa mpira, kwa sababu mpira hauna upande wa kubembeleza. Unapita au haupiti.

Kwetu Kenya, kanuni za ujenzi zilizotumika kwa miongo mingi zilikuwa za mwaka 1968, na sasa kuna Kanuni ya Taifa ya Ujenzi ya 2024. Karatasi tunazo. Lakini kati ya karatasi na balkoni ya ploti kuna watu watatu: anayechora, anayechomelea, na anayelipa. Yule anayelipa anajua kitu kimoja, kwamba kijiti kimoja kikipunguzwa kwa kila balkoni, pesa inabaki mfukoni.

KIPANDE CHA MBAO

Nikarudi Kariobangi, safari hii nikiwa na soda mbili. Nikamwuliza mzee anafanyaje, yeye bila kompyuta. Akanionyesha kipande cha mbao kimechakaa pembeni, ukubwa wa mkono. Ndicho kipimo chake. Anakiweka kati ya chuma na chuma, anagusisha moto, anasogea.

"Na mwisho ikikataa kulingana?"

Akaniangalia kama nimeuliza jua linachomoza wapi. "Kijana, huanzi na nafasi. Unaanza na urefu."

Halafu akaniandikia hesabu kwa chaki juu ya bati. Nimeiweka hapa kama ilivyo. Chukua urefu kati ya nguzo na nguzo. Toa unene wa vijiti vyote. Gawanya kwa idadi ya vijiti ukiongeza moja, kwa sababu mianya huwa imezidi vijiti kwa moja. Jibu likipita 100, ongeza kijiti, rudia.

Ile balkoni ya 2,450, vijiti vya unene wa 20. Ukiweka 19, mwanya ni milimita 103.5. Inakataa. Ukiweka 20, ni 97.6. Inapita. Kile kipande changu cha 300: kijiti kimoja kinaacha 140 kila upande, vijiti viwili vinaacha 86.7. Kwa hivyo vijiti viwili. Vijiti viwili kwa orofa nne ni vijiti vinane. Vyuma vinane ndivyo vilivyokuwa vinatenganisha mchoro wangu na matanga ya mtu.

Mzee hakuwa na jina la hiyo hesabu. Lakini anachofanya ni kumaliza baki kabla hajaanza kazi. Anaigawa ndogo ndogo kwa kila mwanya, mpaka hakuna anayeiona. Fundi wa Florence aliyebaki na jiwe moja mkononi alikuwa na kazi hiyo hiyo.

Siku hizi nafanya vile kwa programu pia. Nimeacha ruwaza ndefu za mbwembwe. Ruwaza yangu ni kijiti kimoja na nafasi moja, kwa hivyo hata ikijinyoosha, inajinyoosha kidogo. Nafanya hesabu ya mzee kwanza kwa kila kipande, halafu ndio naandika umbali. Nafunga ruwaza ikatike kila mwisho wa kipande, na nguzo iwe kila kona. Halafu natengeneza mpira wa milimita 100 ndani ya modeli na kuupeleka kwa kila kona, moja moja, kama askari wa doria. Inaninyima usingizi kidogo. Sawa tu.

NDIO MAANA NAANDIKA

Najua mtu atasema, "buda, si AI itafanya hiyo yote hivi karibuni?" Labda. Lakini angalia stori yenyewe. Katalogi ya Glasgow ilirudia ruwaza vizuri kuliko fundi wa mkono. Sketchpad ilirudia vizuri kuliko katalogi. Revit inarudia vizuri kuliko zote. Kila hatua tumezidi kuwa hodari wa kurudia, na kila hatua yule anayeamua amezidi kuwa mbali na ile nafasi ya mwisho inayobaki. Mimi nilikuwa kilomita kumi na tano kutoka kwa ile balkoni, na sikuwa nimewahi kuikanyaga. Mashine itakayochora haraka kuliko mimi itakuwa mbali zaidi. Mtu lazima aende kwa kona aangalie.

Na sisemi ati turudi kwa chaki. Ile modeli ndiyo iliyomwezesha mzee kuona kosa kabla chuma hakijakatwa. Ningekuwa nimechora mbele tu kwa karatasi, kile kipande cha kando kisingeonekana kabisa mpaka siku ya kuhamia. Kwa hivyo Eastman alikuwa na haki. Jengo zima liwe ndani, lionekane kila upande. Ila lazima kuwe na mtu wa kuliangalia kila upande, na siku hiyo aliyeangalia alikuwa mzee mwenye grisi mikononi, si mimi mwenye skrini.

Sasa kazi yako. Unaishi gorofani? Toa kadi ya ATM. Upana wake ule mrefu ni milimita 86 hivi. Iweke kati ya vyuma viwili vya balkoni au ngazi ya kwenu, ikiwa imelala. Ikienea na kubaki nafasi ndogo isiyotosha hata kidole gumba, huenda mwanya wako haujapita 100, lakini thibitisha kwa rula. Ikipita na bado unaweza kuingiza kidole gumba kando yake bila kusukuma, mwanya wako unakaribia 100 au umeupita, chukua rula upime vizuri. Usipime katikati tu, katikati huwa sawa karibu kila mahali. Nenda kwa kona. Nenda pale relingi inapokutana na ukuta, na pale ngazi inapogeuka.

Ukipata mwanya mkubwa, usingoje landilodi awe na huruma. Waya, mbao, kipande cha wavu, chochote cha kuziba leo, halafu ugomvi kesho na rula mkononi. Watoto wa jirani hawajui ruwaza yako ni ngapi.